Uwanja wa mtaa, njia ya miguu na bajeti ya kaunti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mkazi wa mji wowote wa Kenya aliyeamka akakuta uwanja wa mtaa umezungushiwa mabati, au anayetembea kandokando ya lami kila asubuhi huku matatu zikimkosakosa. Maswali ni yale yanayosikika kwenye baraza za chifu, nje ya misikiti na makanisa, na katika makundi ya WhatsApp ya mitaa. Mifano mingi imetoka Nairobi na Mombasa kwa sababu ndiko kesi kubwa zilikoamuliwa, lakini Katiba na sheria zinazotajwa hapa zinahusu kaunti zote 47.

Ardhi ya umma ni ya nani hasa?

Ni ya wakazi. Ibara ya 62 ya Katiba ya 2010 inasema ardhi ya umma ya kaunti inashikiliwa na serikali ya kaunti kama amana ya watu wanaoishi humo, na Tume ya Kitaifa ya Ardhi inaisimamia kwa niaba yao. Gavana hawezi kuigawa. Mwakilishi wadi hawezi. Chifu hawezi. Ibara hiyohiyo inakataza ardhi hiyo kutolewa au kutumiwa kwa njia yoyote isiyofuata sheria ya Bunge.

Jedwali la Nne la Katiba linazitwika kaunti kazi ya kutunza bustani, fuo na maeneo ya burudani, pamoja na barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho na mipango ya ardhi. Kwa hiyo ukiambiwa na afisa wa kaunti kwamba bustani "si kazi yetu", mwonyeshe Jedwali hilo.

Nikitaka njia ya miguu kwenye barabara fulani, niende kwa nani?

Hapa ndipo barua nyingi zinapopotelea. Sheria ya Barabara ya 2007 iliunda mamlaka tatu za kitaifa: KeNHA inayoshughulikia barabara kuu za nchi, KURA ya barabara za mijini, na KeRRA ya mashambani. Kisha Katiba ya 2010 ikaleta kaunti, nazo zikapewa barabara za kaunti. Matokeo yake ni kwamba barabara moja inaweza kuwa ya KURA mpaka kwenye mzunguko, halafu ikawa ya kaunti kutoka hapo hadi shuleni. Mwenda kwa miguu hajui ni wapi amevuka mpaka huo. Anachojua ni kwamba kabro imeishia hapa na matope yameanzia pale.

Usipoteze mwezi ukitafuta mwenyewe ni nani. Andika barua moja, iandikie mamlaka unayodhani ndiyo mhusika, na nakala iende kwa nyingine pamoja na idara ya uchukuzi ya kaunti. Uliza swali hili wazi: "Barabara hii iko chini ya nani, na ni nani anayetenga pesa za matengenezo yake mwaka huu?" Jibu likija kwa maandishi, hakuna atakayekurudisha tena dirisha la kwanza.

Tumeambiwa aliyezungushia uwanja wetu ana hatimiliki. Basi yameisha?

Hayajaisha, na kila mkazi anapaswa kuijua kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa.

Kesi hiyo ilihusu kiwanja cha ufuoni Nyali. Kiligawiwa mwaka 1989 kwa Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, kikauzwa kwa kampuni moja, halafu kikafika kwa Dina Management. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ilibomoa ukuta wa kiwanja hicho upande wa bahari ili kufungua njia ya kwenda ufuoni. Kampuni ikaenda kortini na kusema ilinunua kwa nia njema, ina hati, na hati ni hati. Ilishindwa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ikashindwa katika Mahakama ya Rufaa, na tarehe 21 Aprili 2023 ikashindwa katika Mahakama ya Juu.

Hoja ya majaji ni rahisi kuifuata. Eneo lile lilikuwa limetengwa kuwa wazi kwa matumizi ya umma. Ugawaji wa kwanza haukufuata sheria, kwa hiyo mgawiwa wa kwanza hakupata haki halali. Asiye na haki hana cha kumuuzia mwingine, hata uuzaji ukirudiwa mara ngapi. Hatimiliki ni mwisho wa mchakato, na mchakato wenyewe ukiwa mbovu hati haiwezi kujisimamisha. Ibara ya 40(6) ya Katiba inalingana na hilo: ulinzi wa mali hauifikii mali iliyobainika kupatikana kinyume cha sheria.

Naona uamuzi huu ni miongoni mwa mambo makubwa kabisa yaliyowahi kutokea kwa ajili ya mtoto wa mtaani anayetaka mahali pa kuchezea mpira. Lakini usome vizuri: ulichukua miaka, na kilichoshinda ni kumbukumbu za zamani zilizoonyesha kwamba mahali pale palitengwa kwa ajili ya umma. Bila karatasi zile, ukuta ungesimama mpaka leo.

Karatasi gani hizo, na tunazipata wapi?

Kuna tatu za kuanzia. Ya kwanza ni ramani ya mpango wa eneo lenu, inayopatikana katika ofisi ya mipango ya kaunti. Ya pili ni ramani ya upimaji inayoonyesha vipande vyote na namba zake, ambayo iko kwa wapima ardhi wa serikali. Ya tatu ni rekodi ya usajili, ile inayoonekana ukifanya upekuzi kwa namba ya kiwanja. Kwa Nairobi, upekuzi unafanyika kupitia mfumo wa Ardhisasa uliozinduliwa 2021.

Zilinganishe. Ikiwa ramani ya mpango inaonyesha uwanja wa michezo na usajili unaonyesha jina la mtu, mnayo hoja. Ikiwa ramani inaonyesha uwanja na usajili hauna chochote, mko hatarini zaidi ya mnavyofikiri, maana kipande kisicho na hati ndicho kinachotafutwa na wanyakuzi. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi ardhi za umma zilivyogawiwa ovyo kwa miaka mingi, zikiwemo za shule, misitu na barabara.

Mitaa iliyojengwa na wenye mashamba binafsi ina tatizo lake. Mtu anapogawa shamba lake kuwa viwanja vidogo, huwekewa sharti la kuacha sehemu kwa barabara na matumizi ya umma, na kuisalimisha kwa serikali. Ramani inachorwa, viwanja vinauzwa, wanunuzi wanajenga wakiamini ile nafasi ya katikati ni ya watoto. Kama usalimishaji haukukamilishwa kwenye usajili, nafasi ile bado inasomeka kwa jina la mwenye shamba, na warithi wake wanaweza kuja kuiuza. Ulizeni mapema, kabla ya kumhitaji wakili.

Afisa akikataa kutuonyesha?

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa taasisi ya umma, na taasisi inapaswa kutoa uamuzi ndani ya siku 21. Huna haja ya kueleza unaitakia nini. Andika, pigiwa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, na hesabu siku. Zikipita kimya, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana zaidi kwa jina la Ombudsman.

Nakala yenye muhuri ni kitu cha thamani. Itunze hata baada ya kupata jibu.

Uwanja wa shule yetu hauna hati. Je, ni jambo la haraka?

Ndiyo, tena sana. Tarehe 19 Januari 2015 wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata, Nairobi, walirudi shuleni wakakuta uwanja wao umezungushiwa ukuta. Walipouangusha wakiwa pamoja na wanaharakati, polisi waliwafyatulia gesi ya kutoa machozi. Picha zikaizunguka dunia, serikali ikalazimika kutamka kwamba uwanja ni wa shule. Watoto hawapaswi kufikishwa hapo. Bodi ya shule inayosoma haya ianze na upimaji wa mipaka, isimamishe bikoni zote, halafu iombe hati kupitia Tume ya Kitaifa ya Ardhi.

Kwa nini kila mara tunaambiwa "hakuna pesa za njia za miguu"?

Kwa sababu tunafika wakati meza imeshaondolewa. Kifungu cha 104 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinasema fedha za umma haziwezi kutengwa nje ya mfumo wa mipango uliopitishwa na bunge la kaunti. Maana yake: kama njia yenu ya miguu haimo katika mpango, afisa anayekuambia hana pesa anasema kweli. Vita vya njia ile vilipiganwa miezi kadhaa kabla, katika chumba ambacho huenda hamkuwa na mtu.

Kuna mipango ya aina mbalimbali na kila mmoja una umri wake. Mpango Jumuishi wa Maendeleo ya Kaunti, maarufu kama CIDP, ni wa miaka mitano. Unaotumika sasa ulianza 2023 na unaishia 2027. Mpango wa matumizi ya ardhi ya kaunti nzima ni wa miaka kumi. Miji na manispaa zina mipango yake. Kitu kinachotakiwa kudumu, kama bustani mpya au mtandao wa njia za baiskeli, kitafute nafasi katika hiyo ya muda mrefu.

Halafu kuna mzunguko wa kila mwaka, na tarehe zake zimewekwa na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Kufikia tarehe 1 Septemba, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka unawasilishwa katika bunge la kaunti. Huu unaorodhesha miradi ya mwaka wa fedha utakaoanza Julai ijayo. Kufikia 28 Februari, waraka wa mkakati wa fedha unaweka kiwango cha pesa kwa kila idara. Kufikia 30 Aprili, makadirio ya bajeti yanafika bungeni. Mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni.

Ukitaka kivuko cha waenda kwa miguu mbele ya zahanati, andika Julai au Agosti, ili kiingie kwenye mpango wa Septemba. Januari na mwanzoni mwa Februari, simamia fungu la idara ya uchukuzi lisipunguzwe. Mei, soma makadirio uone kama kivuko chenu kingali mle na jina la mahali limeandikwa. "Uboreshaji wa njia za miguu katika wadi" ni maneno yanayoweza kumezwa na kitu chochote. "Njia ya miguu kutoka steji hadi lango la zahanati, pande zote mbili, pamoja na mtaro uliofunikwa" haiwezi kugeuzwa kirahisi kuwa maegesho.

Wanaojua tarehe hizi kwa kichwa ni wanakandarasi. Ningependa kila mwenyekiti wa mtaa azijue vilevile.

Vikao vya kushirikisha umma si vya kutimiza wajibu tu?

Vingine ndivyo. Tangazo linatoka gazetini siku chache kabla, kikao kinawekwa saa nne asubuhi siku ya kazi, stakabadhi ya mamia ya kurasa inatolewa mlangoni. Ibara ya 10, ya 196 na ya 201 za Katiba zimeufanya ushiriki wa wananchi kuwa sharti, na mahakama zimewahi kubatilisha sheria zilizopitishwa bila huo. Kwa hiyo msidharau kikao kibovu: hudhurieni, na mweke kwenye kumbukumbu kwamba kilikuwa kibovu na kwa nini.

Makueni imekuwa ikitajwa kama mfano mwema kwa sababu pale mazungumzo yanaanzia kijijini, yanapanda kwenye kundi la vijiji, hadi wadi na kaunti, na wakazi wana kamati zinazofuatilia mradi ukiendelea. Mzee ambaye hawezi kufika mjini Wote, makao makuu ya kaunti hiyo, anazungumzia nyumbani kwake.

Ukipewa dakika mbili, usizitumie kulaumu. Taja mahali, taja wanaopita hapo, taja unachotaka, taja ukurasa wa mpango unaohusika, na mkabidhi karani maandishi. Kinachosemwa kinaweza kusahaulika kabla ya chakula cha mchana, lakini karatasi iliyopokelewa lazima iwekwe mahali.

Nairobi si ina sera ya waenda kwa miguu na baiskeli?

Inayo, tangu 2015. Sera hiyo iliahidi kwamba angalau asilimia 20 ya bajeti ya barabara ya kaunti itaelekezwa kwa waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na usafiri wa umma. Ni ahadi nzuri, na inampa mkazi wa Nairobi swali la kuuliza kila mwezi wa Mei: asilimia 20 ya mwaka huu iko ukurasa gani? Swali hilo halihitaji ubishi wala siasa. Ama mistari ya bajeti ipo na inajumlishwa, ama haipo.

Yapo yaliyotendeka. Luthuli Avenue ilifanywa ya njia moja mwaka 2019 kwa ushirikiano na UN-Habitat, na nafasi iliyopatikana ikapewa waenda kwa miguu. Kisumu nayo iliandaa mpango wa uchukuzi endelevu mwaka 2020, na katikati ya mji ukiitembea leo unaiona tofauti. Lakini mwaka 2022 ilifunguliwa Expressway ya Nairobi, kilomita 27, kwa wenye magari na pesa ya kulipia. Aliye chini yake kwenye Barabara ya Mombasa ndiye anayetafuta mahali pa kukanyaga.

Mbona tujali waenda kwa miguu wakati tatizo la mji ni foleni?

Kwa sababu waenda kwa miguu ndio mji. Nairobi, zaidi ya safari 4 kati ya kila 10 hufanywa kwa miguu kutoka mwanzo hadi mwisho, na abiria wa matatu naye hutembea hadi steji na kutoka steji. Wenye magari ya binafsi ni wachache kuliko kundi lolote kati ya hayo mawili. Bajeti inayotazama foleni peke yake inawatazama wachache.

Pia kuna damu. Tangu 2021 barabara za Kenya zimeua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, na kundi kubwa zaidi miongoni mwao ni waenda kwa miguu. Ni mama aliyetoka sokoni jioni, ni mlinzi anayewahi zamu, ni mtoto wa shule. Anayeiita njia ya miguu "urembo wa mji" aambiwe hivyo kwa heshima, na asiachwe aendelee kusema.

Kasi ndiyo inayoamua. Mtu akigongwa na gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa, mara nyingi huishi. Kwa 50, nafasi hiyo hupungua vibaya. Ndiyo maana Azimio la Stockholm la Februari 2020 lilitaka kilomita 30 kwa saa iwe kikomo mahali magari na watu wanapochanganyika. Matuta mbele ya shule ni ya bei nafuu mno ukilinganisha na kitu kingine chochote kinachojengwa barabarani.

Wameahidi kutujengea daraja la juu la kuvukia. Tukubali?

Kwenye barabara ya kasi yenye njia nyingi, kama ile ya Thika, daraja linaweza kuwa la lazima, na litafaa tu likiwekwa pale watu wanapovukia kweli. Kwenye barabara ya mtaa, mimi ningekataa. Daraja linamlazimisha mwenye mzigo kichwani, mjamzito na mzee kupanda ngazi ili dereva asipunguze mwendo. Wengi watavuka chini, kisha watalaumiwa kwa kufa kwao. Ombeni kivuko cha chini kilichoinuliwa kama tuta, chenye taa na kisiwa cha kupumzikia katikati. Gharama ni ndogo, na gari ndilo linalopunguza mwendo.

Daraja likija hata hivyo, shikilieni liwe na mteremko wa kiti cha magurudumu. Ibara ya 54 ya Katiba inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika kila mahali kwa urahisi unaofaa.

Nani anaendesha baiskeli siku hizi?

Fundi, muuza maziwa, mlinzi, mwanafunzi wa chuo, na wengi wa Kisumu, Mombasa na miji midogo ya magharibi. Wengine wangeendesha kesho kama wasingeogopa kufa. Hesabu ya waendesha baiskeli kwenye barabara isiyo na nafasi yao haionyeshi uhitaji. Inaonyesha ni wangapi wenye ujasiri.

Njia ya baiskeli iliyochorwa kwa rangi pembeni mwa lami hugeuka steji ya bodaboda kabla rangi haijakauka. Ombeni ukingo wa zege unaoitenga na magari, upana unaowatosha wawili kupishana, na mahali pa kuifungia baiskeli pale safari inapoishia: soko, hospitali, kituo cha basi.

Wachuuzi na bodaboda wamejaa kwenye njia ya miguu. Tuwaite kanjo, yaani askari wa kaunti?

Kuwaita ni rahisi, na siku mbili baadaye wachuuzi watakuwa wamerudi, isipokuwa yule aliyepoteza nyanya zake zote. Mchuuzi yuko pale kwa sababu wapita njia ndio wateja wake. Njia iliyopangwa vizuri inampa nafasi: ukanda wa kutembea usiozibwa na chochote, na nyuma au pembeni yake ukanda wa vibanda, wenye alama, maji na mahali pa taka. Hili linahitaji upana, na upana huamuliwa barabara ikichorwa. Wachuuzi wapewe kiti katika kikao hicho. Wao ndio wanaojua saa ambayo watu hujaa na kona ambayo mvua hutuama.

Bodaboda ni jambo jingine. Pikipiki ikipanda njia ya miguu ni hatari, na dawa yake ni vigingi vya zege vilivyopangwa ili mtu, kiti cha magurudumu na kigari cha mtoto vipite lakini pikipiki ikwame. Mpeni naye steji yake, karibu na anakopata abiria.

Jirani anaanza kujenga ghorofa karibu na bustani. Tunaweza kupinga?

Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2019 inamtaka anayeomba kibali cha ujenzi autangazie umma, na tangazo hilo liwaalike watu kutoa pingamizi. Mkiona kibao au tangazo la gazeti, msingoje kuona kreni. Kibali kikitolewa na hamkuridhika, mna siku 14 za kukata rufaa katika kamati ya upatanishi ya mipango ya kaunti, na baada ya hapo Mahakama ya Mazingira na Ardhi iko wazi. Siku 14 ni chache. Kundi la WhatsApp linaweza kuzimaliza likibishana tu.

Na kingo za mto?

Kanuni za ubora wa maji za 2006 ziliweka ukanda wa kulindwa wa mita 6 hadi 30 kila upande wa mto. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalituonyesha kwa nini, na waliolipa kwa maisha yao walikuwa maskini waliopangishwa nyumba mahali ambapo hapakupaswa kuwa na nyumba. Ukanda wa mto ukiwa bustani yenye njia ya kutembea, unafanya kazi mbili: maji yanapata mahali pa kutanda, na watu wanapata njia isiyo na magari. Michuki Park kando ya Mto Nairobi ni mfano unaoweza kwenda kuuona mwenyewe. Lakini anayehamishwa apewe kwanza mahali pa kwenda.

Watu wa kawaida wamewahi kushinda jambo la namna hii?

Mwaka 1989 chama tawala, KANU, kilitaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Profesa Wangari Maathai alianza na barua tu: kwa ofisi za serikali, kwa mashirika ya kimataifa, kwa magazeti. Alikwenda mahakamani, kesi ikatupwa. Alitukanwa bungeni. Akaendelea kuandika, wafadhili wakajiondoa, na mradi ukafa. Mwaka 1991 ilikuwa zamu ya Jeevanjee Gardens, bustani iliyotolewa kwa wakazi wa Nairobi na A. M. Jeevanjee mwaka 1906. Mjukuu wake, Zarina Patel, aliongoza upinzani dhidi ya mpango wa kuijengea, na bustani ipo hadi leo. Ingia pale saa saba mchana uone walivyo wengi, wanaokula, wanaohubiri, wanaolala.

Nao walifanya hayo kabla ya Katiba ya sasa.

Tunaweza kuutunza uwanja wenyewe?

Ndiyo, na kutunza ni ulinzi. Dandora, mtaa uliopangwa miaka ya 1970 kwa nyua za pamoja katikati ya nyumba, vijana wamezisafisha nyua hizo, wakapanda maua na kuweka bembea. Ila fanyeni kwa makubaliano ya maandishi na kaunti, yanayosema uwanja unabaki kuwa wa umma, nani anafungua lango, na pesa ikikusanywa inatumikaje. Kamati ya mtaa inayoanza kuwatoza watoto kiingilio nayo imeunyakua uwanja.

Kwenda mahakamani si lazima wakili?

Ibara ya 22 ya Katiba inaruhusu mtu kufungua kesi ya haki za msingi kwa niaba ya umma, bila kutozwa ada ya kuifungua, na mahakama inaweza kuanza hata na barua ya kawaida. Ibara ya 70, inayolinda haki ya mazingira safi, haimtaki mlalamishi athibitishe kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Wakili mzuri bado ni msaada mkubwa, na wapo wanaozichukua kesi hizi bila malipo.

Barua iandikwe kwa Kiingereza?

Si lazima. Ibara ya 7 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, sawa na Kiingereza, na ofisi haina sababu ya kukurudishia barua yako. Weka tarehe, namba ya kiwanja au jina la barabara na alama mbili zinazojulikana, ombi lako kwa sentensi moja, na majina na saini za wakazi. Ambatisha picha na kipande cha ramani. Peleka kwa karani wa bunge la kaunti ikiwa ni ombi rasmi kwa wawakilishi, kwa kuwa kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinakupa haki hiyo, na nakala kwa idara husika. Ukifika dirishani, usiondoke kabla muhuri haujapigwa.